Kuandika riwaya huku bustani ya nyumbani inakudai: mwongozo kamili wa majira ya joto

Tuanze na tatizo lenyewe maana wengi hawalioni. Bustani inapiga kelele, riwaya haipigi. Ukiacha kumwagilia pilipili hoho siku tatu kwenye jua kali utaziona zimelegea toka dirishani, lakini ukiacha sura ya tisa wiki tatu hakuna kinachonyauka popote, faili liko pale pale na ukilibonyeza linafunguka vizuri tu. Kwa hiyo ukisema "nitagawa muda nusu kwa nusu" ujue umeshaamua riwaya ishindwe, kwa sababu kila asubuhi mmoja analia na mwingine kanyamaza, na binadamu tunamkimbilia anayelia.

Ndo maana mwongozo huu haugawi muda sawa kwa sawa. Tunachofanya ni kuipunguza bustani na kuiweka vizuri mpaka iweze kukaa yenyewe masaa mengi, halafu uandishi tunaupa zile saa ambazo jua lenyewe halikuruhusu kuwa nje. Nawaongelea watu wenye tuta moja mawili ya mboga nyumbani na rasimu ya kwanza inayoendelea, sio mkulima wa kuuza sokoni, na sio mwandishi anayedaiwa muswada mwezi ujao (huyo ushauri wangu ni mfupi, mwaka huu panda mrehani kwenye makopo mawili, basi).

Hatua ya 1: piga hesabu kabla hujanunua mbegu

Chukua karatasi. Majira ya joto tuyahesabu kama wiki 13. Tuseme unaandika siku 5 kwa wiki, maneno 400 kila siku, hapo ni maneno 2,000 kwa wiki, mara 13 unapata 26,000. Usishangilie bado. Toa wiki 2 za kupandikiza miche na wiki 2 ambazo mavuno yatakuja yote kwa pamoja, hizo wiki 4 zipe maneno 800 tu kila moja. Zinabaki wiki 9 zenye maneno 2,000, yaani 18,000, jumlisha 3,200, unapata 21,200. Kwa riwaya ya maneno 80,000 hiyo ni robo na zaidi kidogo. Mimi naona robo ya riwaya ndani ya msimu mmoja wa bustani ni kazi nzuri sana, na ni lengo ambalo mtu mwenye familia na kazi nyingine anaweza kulifikia bila kuchanganyikiwa.

Watu wanapenda kuchukua mwendo wa NaNoWriMo, ile changamoto ya kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja iliyoanza Julai 1999, ikahamia Novemba mwaka uliofuata, na shirika lake likatangaza kufunga mwaka 2025. Mwendo wake ulikuwa unakuja kama maneno 1,667 kwa siku. Sasa angalia na mwezi wenyewe. Kaskazini mwa dunia Novemba bustani nyingi zimeshalala, nyanya zimeng'olewa, hakuna cha kumwagilia. Ukiuchukua mwendo ule ukauleta katikati ya joto wakati matango yanazaa, kimoja kitakufa. Wale wa kusini mwa dunia ambao Novemba ndo wako na miche mikononi wanajua ninachosema.

Haya, upande wa bustani nao una hesabu yake ambayo watu hawaipigi kabisa. Mboga nyingi zinataka kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo tuta la mita 1.2 kwa mita 3 (mita za mraba 3.6) linataka lita 90 kwa wiki, na joto likipanda inaweza kufika mara moja na nusu ya hapo. Kama unatumia keni ya lita 10 hizo ni safari 9, kila safari kilo 10 zinaning'inia kwenye mkono ule ule unaotegemea kuandikia. Matuta mawili ni safari 18, matuta manne ni 36, na hapo hujapalilia wala hujavuna. Unaona sasa muda wa sura ya tisa unakoenda?

Kwa hiyo: tuta moja kama unamwagilia kwa keni, mawili kama una mpira wa maji, matatu kama una mipira ya matone (yenye vitundu vinavyodondosha maji polepole) na taima ya kufungua na kufunga maji yenyewe. Upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati toka kila upande bila kukanyaga udongo. Na usidanganyike na makopo eti ni madogo, udongo wa kwenye kopo unakauka haraka na siku za joto kali kopo linataka maji kila siku, mara nyingine asubuhi na jioni. Makopo 15 kwenye kibaraza yanakula muda kuliko tuta zima.

Hatua ya 2: panda vinavyojua kusubiri

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo wengi wanairuka, wanachagua mbegu kwa picha ya kwenye pakiti. Mwandishi achague kwa swali moja: kikishaiva, kinaweza kunisubiri siku ngapi?

Bamia haisubiri. Leo ni laini ya urefu wa kidole, ukikaa siku tatu nne imekuwa ngumu haikatiki, na ukiacha maganda yakomae mmea wenyewe unapunguza kuzaa. Matango hivyo hivyo, maharage machanga hivyo hivyo, na zukini ndo usiseme, ukiiacha wikiendi moja unakuta kitu kikubwa kama mkono wa mtu kimejificha chini ya majani. Saladi nayo joto likizidi inarefuka ghafla, inatoa maua, inakuwa chungu, hakuna wa kuila. Hivi vyote vinakutaka bustanini kila baada ya siku moja au mbili, hata kama leo ndo siku ambayo mhusika wako ameanza kuongea ukweli.

Vinavyosubiri ni pilipili (ikiwa ya kijani unakula, ukiiacha inageuka nyekundu na inazidi utamu), karoti, vitunguu, viazi vitamu, maboga ya kukomaa, rozmari na ndugu zake. Bilinganya iko katikati, inavumilia siku kadhaa ila ngozi ikianza kupoteza mng'ao ujue umechelewa.

Nyanya naziweka peke yake kwa sababu kila mtu atapanda nyanya hata umwambie nini. Kuna aina fupi, zinazofika urefu fulani zikakoma na kuzaa karibu zote kwa kipindi kimoja, na kuna aina ndefu zinazoendelea kupanda na kuzaa mpaka msimu uishe. Aina ndefu zinataka kufungwa kwenye vijiti na kutolewa machipukizi kila wiki, aina fupi hazitaki kutolewa machipukizi, ukiyatoa unajipunguzia mavuno. Kwa mwandishi mimi nasema aina fupi miche minne, unajua kabisa wiki zipi utakuwa jikoni, wiki nyingine zote ni za kwako. Kama unataka na ndefu, mche mmoja wa zile nyanya ndogo ndogo unatosha, uweke karibu na mlango.

Kanuni ninayotumia: theluthi mbili ya tuta ni vitu vya kusubiri, theluthi moja ni vya haraka. Usigeuze.

Hatua ya 3: hesabu siku kurudi nyuma

Maharage machanga toka mbegu mpaka kuvuna ni kama siku 50 hadi 60. Nyanya toka siku ya kupandikiza mche ni kama siku 60 hadi 80 kutegemea na aina, pilipili hoho 70 hadi 90. Andika tarehe hizo kwenye kalenda moja na mipango ya riwaya, sio kalenda mbili tofauti, hapo ndo utaona migongano mapema. Kama unajua rafiki anayekusomea rasimu anataka sura 10 za kwanza ifikapo wiki ya nane, hutaki nyanya zote ziive wiki ya nane, sogeza upandikizaji wiki mbili mbele au nyuma. Na vya haraka usipande vyote siku moja, weka mstari mfupi wa maharage leo na mwingine baada ya wiki mbili, mavuno yanakuja kidogo kidogo.

Hatua ya 4: ifanye bustani ikae yenyewe

Wiki ya kwanza kubali kabisa kwamba huandiki sana. Hizi kazi ukizifanya sasa hivi zinakulipa msimu mzima.

Matandazo kwanza. Nyasi kavu, majani makavu, mabua, chochote kisicho na mbegu wala dawa, tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8 ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina lisioze. Hii peke yake inapunguza maji yanayopotea na magugu yanayoota, yaani inapunguza safari za keni na palizi kwa mpigo. Kama kuna kitu kimoja tu utafanya kwenye mwongozo wote huu, fanya hiki.

Vijiti vya nyanya vichomeke siku ile ile unapandikiza. Ukisubiri mche uanguke ndo uchomeke utakata mizizi na utatumia asubuhi nzima na kamba mdomoni.

Kama bajeti inaruhusu nunua mipira ya matone na taima ya kufunga kwenye bomba. Kama hairuhusu, mwagilia kwa kushibisha mara mbili tatu kwa wiki badala ya kunyunyizia kila siku, maana kunyunyizia juu juu kunafanya mizizi ibaki juu na hapo mmea unakuwa mtumwa wako na wewe mtumwa wake. Kujua kama maji yanahitajika, chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili, kama ncha ya kidole inaona unyevu acha, rudi ndani kaandike. Udongo wa juu unakauka ndani ya masaa machache na unakudanganya.

Halafu weka kikapu kimoja mlangoni chenye glovu, mkasi, kamba na kofia. Kutafuta mkasi ni dakika 10, na dakika 10 ukiwa na maneno 400 ya kuandika sio kidogo.

Hatua ya 5: saa za siku

Hapa kuna ugomvi wa kweli. Saa nzuri ya kumwagilia ni asubuhi mapema kabla jua halijakaza, maji yanazama badala ya kupotea hewani na majani yakilowa yanapata muda wa kukauka. Bahati mbaya kwa watu wengi hiyo hiyo ndo saa kichwa kiko safi na nyumba iko kimya. Nani atangulie?

Riwaya itangulie, na sababu sio heshima ya sanaa. Mtu akishamaliza kurasa mbili anaweza kwenda kumwagilia bila shida, lakini mtu aliyetoka "kumwagilia tu" ataona gugu moja, akiinama kuling'oa ataona vidukari (wale wadudu wadogo wanaofyonza majani) chini ya jani, akienda kuchukua sabuni ya vidukari atakumbuka mbolea, na saa tatu imefika ana njaa, ana jasho, na mhusika wake bado kasimama mlangoni toka juzi.

Siku ya kawaida inaweza kukaa hivi:

- Saa 11:30 alfajiri mpaka saa 12:30, kuandika. Simu iko chumba kingine. Mapazia ya upande wa bustani yamefungwa, sifanyi utani.
- Saa 12:30 mpaka saa 1:30, bustani. Maji kama kidole kimesema maji, kuvuna vya haraka, kazi moja ya ziada na sio mbili.
- Saa 6 mchana mpaka saa 10, jua likiwa kali, chochote cha ndani: kuchapa ulichoandika kwa mkono, kusoma upya, kupanga sura. Kama una kazi ya kuajiriwa basi hapa ni nusu saa ya chakula cha mchana, inatosha.
- Saa 11 jioni, dakika 15 za kutembea tu bustanini bila kifaa chochote mkononi.

Kama jua linachomoza mapema au kuchelewa ulipo, sogeza saa ila mpangilio ubaki. Na kama asubuhi haiwezekani kabisa, una watoto wa kuandaa, basi mwagilia jioni kwenye shina bila kulowesha majani, maana majani yakilala na unyevu magonjwa ya ukungu yanapata nafasi, na andika mchana.

Kuandikia nje chini ya mti kunapendeza kwenye picha. Kwenye hali halisi skrini haionekani na laptopu nyingi zimetengenezwa kwa joto la mwisho nyuzi 35, kwa hiyo nje chukua daftari na kalamu, laptopu iache ndani.

Hatua ya 6: malizia ukiwa unajua kinachofuata

Kwa sababu muda wako ni mfupi huna anasa ya kukaa nusu saa ukijiuliza ulikuwa wapi. Kila ukifunga faili, andika mistari miwili mitatu ya kesho chini kabisa, kwa lugha ya ovyo tu. Mfano:

"Kesho: Zawadi anarudi na funguo, mlango tayari uko wazi. Shemeji yupo ndani ila HAJUI kuhusu barua. Anza na sauti ya sufuria."

Angalia kilichomo hapo. Kuna mtu, kuna kitu kimeharibika (mlango uko wazi), kuna siri moja na nani haijui, na kuna sauti ya kuanzia. Hakuna "Zawadi anajisikia vibaya" wala "sura iwe na mvuto", hizo kesho alfajiri hazikusaidii chochote. Ukikaa unaandika sauti ya sufuria na umeshaanza.

Hatua ya 7: peleka swali moja bustanini

Palizi ni nzuri kwa kufungua fundo la hadithi kwa sababu mikono ina kazi na kichwa hakina. Ila sio kila kazi ya bustani inafaa. Kupandikiza miche kunataka uangalie nafasi na kina, kupima dawa kunataka akili yote, hapo usiwaze riwaya. Palizi, kuvuna maharage, kuokota majani makavu, kumwagilia, hizo ndo zake.

Kutoa machipukizi ya nyanya ndefu ni kazi bora kuliko zote kwa hili. Unashika shina kuu kwa mkono mmoja, unashuka na macho mpaka pale jani linapokutana na shina, kwenye kwapa utaona kichipukizi kinachochungulia, kikiwa hakijazidi sentimita 5 unakibana kwa kidole gumba na cha shahada unakipinda pembeni, kinakatika tap bila mkasi. Unahamia kwapa linalofuata. Fanya wakati majani ni makavu ili usisambaze magonjwa. Ukimaliza vidole vina rangi ya kijani inayokaribia weusi, ukinawa povu la sabuni linatoka la njano, na harufu ile inabaki hata baada ya kunawa. Nawa kabla hujagusa kibodi, hasa kama ni nyeupe.

Swali liwe moja na liwe dogo. "Riwaya yangu inahusu nini" ni swali la kukupoteza. "Kwa nini shemeji hakuuliza kuhusu mlango?" ni swali la kupalilia mstari mmoja. Jibu likija usikimbilie ndani, rekodi sauti kwenye simu, dakika 3 za kuongea ukiziandika ni kama maneno 350 hadi 400, yaani lengo la siku. Simu iweke kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, upe upepo mgongo wakati unaongea la sivyo utasikia vuuu peke yake, na uchape siku hiyo hiyo. Rekodi zikifika 20 hazisikilizwi tena na mtu.

Hatua ya 8: tofautisha dharura na kisingizio

Sura ikigoma bustani ghafla inakuwa na matatizo mengi sana. Hii inabidi uwe nayo ukutani.

Majani yamelegea saa 8 mchana: sio dharura. Mimea mingi inalegea kwenye jua kali ili isipoteze maji, jioni inasimama yenyewe. Ikiwa imelegea asubuhi mapema, hiyo ni kweli, toka sasa hivi, ama ina kiu ama mizizi au shina lina ugonjwa.

Maua ya nyanya yanadondoka: mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku ukibaki juu ya 24, maua hayashiki. Huna cha kufanya zaidi ya kivuli kidogo na maji ya uhakika. Baki kwenye kiti.

Nyanya zina doa jeusi lililozama kwenye kitako: mara nyingi ni umwagiliaji usio na mpangilio, leo mafuriko kesho jangwa, kalisiamu haifiki kwenye tunda. Rekebisha ratiba ya maji, toa zilizoharibika ukipita, sio kazi ya leo saa 12 alfajiri.

Vidukari wachache: wapige na maji ya mpira chini ya majani wakati wa zamu yako ya kawaida. Wakizidi, sabuni ya maji laini isiyo na blichi, kijiko 1 cha chai kwa lita 1 ya maji, jaribu kwenye jani moja kwanza na usipulize jua likiwa kali.

Viwavi wanaokula majani: hawa ndo dharura. Usiku mmoja wanaweza kumaliza mche. Toka na ndoo, waokote kwa mkono, angalia chini ya majani na kwenye vikonyo.

Nyanya zimeanza kuiva zote na una sura ya kumaliza: hapa kuna ujanja mzuri. Nyanya iliyoanza tu kubadilika rangi unaweza kuichuma ikaivia ndani, haihitaji jua, iweke mahali pa kawaida sio kwenye friji. Umejipatia siku kadhaa na ndege na funza hawazipati.

Na kutafuta aina mpya ya mbegu kwenye intaneti saa ya kuandika sio kazi ya bustani, tusidanganyane.

Hatua ya 9: wiki za mavuno

Zikifika usijaribu kuandika matukio mapya makubwa. Lengo ni maneno 800 kwa wiki, na muda mwingine fanya zile kazi ndogo za riwaya ambazo unaweza kuzikatisha sufuria ikichemka: orodha ya majina ya wahusika na umri wao, tarehe za matukio (utashangaa mimba ya mtu imechukua miezi 13), sehemu ulizoandika "TAFUTA HII BAADAYE". Chapisha sura mbili kwenye karatasi uzisome na kalamu nyekundu jikoni.

Na jikoni kwenyewe usijitwike. Sio lazima kila nyanya iwe sosi leo. Zioshe, zikaushe, zitie nzima kwenye mfuko, weka friza. Siku ukizihitaji zipitishe kwenye maji ya uvuguvugu, ganda linavuka lenyewe. Zitafaa kwa kupika tu, sio kachumbari. Mapishi yote yamehama kutoka msimu wa joto kwenda wakati ambao bustani haikudai kitu. Zinazobaki gawia majirani, na uwape bila kusimama kuongea saa nzima.

Mwili nao uuangalie kipindi hiki. Kung'oa magugu na kuchapa vyote vinatumia kifundo cha mkono, ukifanya viwili mfululizo kila siku utaanza kusikia ganzi au maumivu. Weka kitu kingine katikati, chai, kutembea, na usichape mara tu baada ya kulima kwa jembe, vidole bado vinatetemeka. Kunywa maji, kichwa kikiwa kizito mchana inaweza kuwa ni kiu.

Hatua ya 10: ukiachwa nyuma

Kuna wiki itapotea, ugonjwa, wageni, safari. Kwenye riwaya usijilipishe deni kwa kuongeza maneno mara mbili, deni hilo halilipiki na utaacha kabisa. Soma kurasa mbili za mwisho, rekebisha sentensi chache, andika maneno 200 tu siku ya kwanza, kesho yake rudi kwenye 400. Bustanini fuata mpangilio huu: maji kwanza, halafu vuna vilivyozidi hata kama ni vya kutupa kwenye mboji ili mimea iendelee kuzaa, halafu magugu yaliyokaribia kutoa mbegu, basi. Mengine yasubiri. Kama sehemu ya tuta imeshindikana kabisa ng'oa, funika kwa matandazo, usilie.

Jambo dogo ambalo halina hatua yake: ukikaa sana bustanini, bustani itaingia kwenye riwaya. Kidogo ni tamu, udongo uliolowa, mikono yenye rangi. Ila ukiona mpelelezi wako naye kaanza kufunga nyanya kwenye vijiti, futa.

Hatua ya 11: kabla hujafunga msimu

Wiki ya mwisho, mimea ikichoka, ng'oa yenye ugonjwa na usiitie kwenye mboji, iliyo mizima ikate uiache ioze. Halafu kaa na ile karatasi ya hatua ya kwanza. Andika pembeni maneno uliyopata kweli na matuta uliyohudumia kweli. Kama umepata chini ya nusu ya 21,200, msimu ujao lengo liache lilivyo na upunguze tuta kwa theluthi, anza na kuondoa vya haraka. Kama umefika au umepita na mgongo wako mzima, ongeza tuta moja dogo la viazi vitamu au maboga. Sio matango.